UZI: Ndege ndogo ya binafsi kwa safari za kazi na za familia. Tuweke hesabu ya uzito, mafuta, viwanja na gharama

#1 Mwewe_wa_Kusini

Wakuu, kila baada ya wiki chache mtu anauliza humu "ndege ndogo ni shilingi ngapi?" na mada inaishia kwenye picha na utani. Bei ndiyo hesabu rahisi kuliko zote. Kazi iko kwingine: itambeba nani, kwenda wapi, kwa mafuta kiasi gani, na kiwanja cha kutua kikoje. Tuiweke hapa kwa tarakimu.

Chukua daftari uorodheshe safari zako za miezi 12 iliyopita. Kisha futa zote ambazo tayari zina usafiri mzuri. Dar–Dodoma futa. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024 unafika kwa saa tatu na nusu hivi, na hakuna anayekuuliza hali ya hewa. Dar–Mwanza na Dar–Arusha futa, ndege za abiria zipo kila siku na zina injini mbili na marubani wawili. Zikibaki safari nne tu kwa mwaka, kodi ndege ya kampuni yenye kibali, uzi huu hauna faida kwako.

Ndege ndogo inashinda pale unapounganisha sehemu tatu nne ambazo hazina usafiri kati yao. Mfano wa kazi: Dar–Mafia–Kilwa Masoko–Mtwara–Dar kwa siku moja. Kwa gari na boti ya Nyamisati (bandari ya kwendea Mafia) hiyo ni kazi ya siku nne. Kwa anga ni takriban kilomita 130, 110, 175 na 400, jumla 815.

Weka Cessna 182T, injini ya nguvu-farasi 230, mwendo wa kilomita 260 kwa saa. Hewani ni saa 3 na dakika 10. Ongeza dakika 15 kila mruko kwa kuteksi (kutembea chini kiwanjani), kupanda na kujipanga kutua, unapata kama saa 4 na dakika 10, tuseme 4. Inakunywa lita 50 kwa saa, hivyo lita 200, na akiba ya saa nzima lita 50. Jumla 250, na matangi yake yanatoa lita 329. Maana yake huhitaji kutafuta mafuta kusini kabisa.

Uzito: ndege tupu yenye vifaa kama kilo 920, uzito wa juu wa kuruka 1,406. Zinabaki 486. Avgas (petroli ya ndege) ina kilo 0.72 kwa lita, kwa hiyo lita 250 ni kilo 180. Zinabaki kilo 306 za watu na mizigo. Rubani na abiria watatu wembamba bila mabegi, au rubani na wawili wenye mabegi yao.

#2 mtu_wa_Njombe

Mkuu, ndege ya viti vinne lakini watu watatu? Huo si utapeli wa kiwanda?

#3 Bi_Rubani

Si utapeli. Viti ni nafasi ya kukaa tu. Ndege yoyote ndogo inakupa vitu vitatu, nawe unachagua viwili: viti vyote, matangi yote, au mizigo. Ukijaza matangi ya 182T, mafuta peke yake ni kilo 237, zinabaki 249. Hapo ni watu wazima watatu, basi.

Lakini Mwewe nikurekebishe, kuna kitu umekiruka. 182T ina uzito wa juu wa kutua tofauti na wa kuruka: kilo 1,338. Mruko wako wa kwanza ni Dar–Mafia, unachoma kama lita 35, yaani kilo 25 tu. Ukitoka Dar na 1,406 unafika Mafia na 1,381, kilo 43 juu ya kiwango. Kwa hiyo kwenye njia hiyo uzito wako halisi wa kutoka Dar ni kama 1,363. Toa 920 na 180, zinabaki 263. Rubani na abiria wawili wa kilo 80 kila mmoja ni 240, mabegi kilo 23. Huyo abiria wa tatu abaki Dar.

Watu wengi hufanya hesabu ya kuruka wakasahau ya kutua, hasa miruko mifupi. Miguu ya ndege haivunjiki siku hiyo. Inachoka kidogo kidogo, na fundi anakuja kuona nyufa kwenye ukaguzi.

#4 Mwewe_wa_Kusini

Dada nimekubali, 263 ndiyo namba. Nahariri karatasi yangu.

#5 Bi_Rubani

Na kwa anayehitaji kweli watu wanne pamoja na mizigo, aangalie Cessna 206H. Nguvu-farasi 300, uzito wa juu 1,633 kwa kuruka na kutua pia. Tupu yenye vifaa chukulia 1,050, zinabaki 583. Inakunywa lita 60 kwa saa, njia ile ile ni lita 300 pamoja na akiba, kilo 216. Zinabaki 367: watu wanne wa kilo 80 na mabegi kilo 47. Mwendo wake haupiti sana wa 182.

Tahadhari moja ya 206 ambayo abiria lazima waambiwe kabla ya kuwasha injini. Mlango wa mbele ni mmoja tu, kushoto kwa rubani. Nyuma kulia kuna mlango mpana wa mizigo wa vipande viwili, na flapu (vibawa vya kushusha nyuma ya bawa) zikiwa zimeshuka zinazuia kipande cha mbele kisifunguke chote. Ndege ikipinduka au ikitua majini flapu zikiwa chini, abiria wa nyuma wanatakiwa wajue kufungua kipande cha mbele kidogo kinavyoruhusu, kisha kuvuta mkono wa kipande cha nyuma na kukisukuma. Waonyesheni kwa mikono kabla ya safari. Kuwaambia "kadi ya maelekezo iko mfukoni mwa kiti" hakutoshi.

Pimeni abiria na mizigo kwa mizani. Mtu akiulizwa uzito wake hupunguza kilo tano, na begi la "nguo tu" lina laptopu mbili na sampuli za korosho.

#6 Mzee_wa_Wilson

Salamu kutoka Nairobi. Huko pwani mnahesabu vizuri kwa sababu kiwanja kiko usawa wa bahari. Huku juu hesabu ni nyingine, na ndiyo inayoangusha ndege.

Kiwanja cha Wilson hapa Nairobi kiko futi 5,500 na ushee juu ya bahari. Kwa urefu huo hewa ya kawaida ingekuwa nyuzi 4. Mchana ikiwa nyuzi 26, tofauti ni 22. Kila nyuzi moja ya ziada ongeza futi 120. Hizo ni futi 2,640, kwa hiyo ndege inajiona iko zaidi ya futi 8,100. Arusha, futi 4,550, kukiwa na nyuzi 28 ni kama futi 7,200. Njombe iko juu ya futi 6,000, mchana wa jua ndege inajiona karibu futi 9,000.

Injini isiyo na tabo (turbo, pampu ya kuisindikia injini hewa) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Kwa futi 8,000 robo ya nguvu imekwenda. Zile farasi 230 zimebaki kama 175. Bawa nalo linadai mwendo mkubwa zaidi wa ardhini ndipo linyanyuke, na propela inashika hewa nyepesi. Vitatu kwa pamoja.

Mambo ya kufanya:

Soma jedwali la kitabu cha ndege kwa uzito wa siku hiyo, si wa juu wala wa kukisia. Nyasi kavu, kitabu cha Cessna kinasema ongeza asilimia 15 ya mbio za ardhini. Upepo wa nyuma, asilimia 10 kwa kila noti mbili, yaani kama kilomita 4 kwa saa. Namba zile zilipatikana na ndege mpya na rubani wa majaribio, kwa hiyo baada ya hapo ongeza nusu nyingine. Isipotosha, shusha mzigo au subiri asubuhi.

Pili, mchanganyiko wa mafuta na hewa. Kwenye viwanja vya juu ukiruka na mpini umesukumwa wote mbele, injini inazama kwenye mafuta na unapoteza nguvu juu ya ile iliyokwisha kupotea. Kwa Cessna 172 ya propela isiyobadilika: simama, nguvu zote, vuta mpini taratibu hadi mizunguko ifike kilele. Kwa 182T na 206H kuna kibandiko cha mtiririko wa mafuta kwa kila urefu, kifuate.

Tatu, weka alama pembeni mwa njia ya kurukia, kwenye nusu ya urefu wake, jiwe jeupe au debe. Ukifika hapo hujapata asilimia 70 ya mwendo wa kunyanyuka, funga nguvu, piga breki. Usijadiliane na nafsi.

#7 mtu_wa_Njombe

Kwa hiyo Njombe kwa 172 ni ndoto?

#8 Mzee_wa_Wilson

Si ndoto. Watu wawili, nusu tangi, saa moja asubuhi. Ukitaka wanne saa nane mchana, hiyo si kazi ya 172, tena hata 182 ya kawaida itakutoa jasho. Hapo tafuta injini yenye tabo, kama T206H. Tabo inakupa nguvu zake zote hata kwenye kiwanja hicho, ingawa bawa bado linalia. Na tabo ina masharti: baada ya kutua iache injini izunguke polepole dakika chache ipoe kabla ya kuzima, la sivyo mafuta yanaungua kwenye beringi zake.

#9 Mhasibu_Mkali

Mmeongea uzito, tuje mfukoni. Gharama ni mafungu mawili, na watu wanafilisika kwa kuyachanganya.

Fungu la kwanza linaliwa hata ndege isiporuka: bima, hanga (banda la ndege) au maegesho, ukaguzi wa mwaka, cheti cha ubora wa ndege, taarifa za ramani za kompyuta, mshahara wa rubani kama unaajiri. Fungu la pili linafuata saa: mafuta, oili, ukaguzi wa kila saa 50 na 100, tozo za kutua na za uongozaji, na akiba ya injini.

Nitoe mfano wa namba za duara ili hesabu ionekane, msizichukue kama bei ya soko. Tuseme fungu la kwanza ni dola 24,000 kwa mwaka. Ukiruka saa 60, kila saa imebeba dola 400 kabla hujatia hata lita moja. Ukiruka saa 200, kila saa inabeba 120. Ndege ni ile ile. Kwa hiyo swali la kwanza kwa bosi wako ni "utaruka saa ngapi kwa mwaka?" Chini ya saa 100 kwa mtu mmoja, tafuta wenza wawili watatu wa kumiliki pamoja. Mkataba uandikwe kabla ya ununuzi: nani anatumia sikukuu, nani analipa tairi likipasuka mikononi mwake, anayejitoa anauza kwa nani.

Akiba ya injini ndiyo inayosahaulika. Injini za Lycoming za ndege hizi zina muda wa kufumuliwa wa saa 2,000 au miaka 12, kinachotangulia. Ukikadiria ufumuaji utagharimu dola 60,000, basi kila saa weka dola 30 kando, akaunti tofauti. Ukiruka saa 60 kwa mwaka, miaka 12 itafika ukiwa na saa 720 tu, umeweka dola 21,600. Pengo hilo atalilipa nani? Kwa hiyo mwenye kuruka kidogo aweke kwa mwaka, 60,000 gawa kwa 12, dola 5,000 kila mwaka.

#10 Chande_wa_Forodhani

Wadau, vipi kurudisha gharama kwa kubeba watu? Jamaa zangu wengi wanaenda Unguja na Mafia wikiendi, kila mtu achangie chake.

#11 Karani_wa_Mnara

Simama hapo hapo kaka. Ndege iliyosajiliwa na kuendeshwa kama ya binafsi haibebi abiria wa kulipa. Anayetoza nauli anatakiwa awe na leseni ya huduma za anga na cheti cha mwendeshaji kutoka mamlaka ya usafiri wa anga, Tanzania ni TCAA na Kenya ni KCAA. Mwenye leseni ya rubani binafsi halipwi kwa kurusha. Ukitaka kuajiri rubani, awe na leseni ya biashara.

Adhabu ya mamlaka ni upande mmoja. Upande mbaya zaidi ni bima. Ikithibitika abiria walilipa wakati sera inasema matumizi binafsi, kampuni ya bima ina mlango wa kutokea, na familia za abiria zinakugeukia wewe na nyumba yako. "Mchango wa mafuta" mliouandika kwenye kundi la WhatsApp ni ushahidi tosha.

Safari ya kazi yako mwenyewe inaruhusiwa. Mkurugenzi mwenye leseni binafsi anaweza kujirusha kwenda kukagua mradi wake. Kampuni kubeba wafanyakazi wake kwa ndege yake nayo ni sawa, ila iandikwe hivyo kwenye bima, si "burudani".

Leseni binafsi kwa kiwango cha kimataifa ni kuanzia miaka 17, saa zisizopungua 40 za mafunzo, na cheti cha afya cha daraja la pili. Wengi wanamaliza na saa 55 hadi 70. Na mwenye saa 60 hajawa tayari kumbeba bosi na ratiba ya bosi.

Ndani ya ndege kila safari: cheti cha usajili, cheti cha ubora, leseni za rubani, kitabu cha safari, leseni ya redio, orodha ya abiria. Ongeza hati ya bima. Mkaguzi akikukuta kiwanjani bila kimojawapo, siku yako imeisha hapo.

Kuvuka mpaka: lazima uingilie na kutokea kwenye kiwanja chenye forodha na uhamiaji. Huwezi kutoka kiwanja cha Serengeti ukatua Maasai Mara kwa kuwa ni "hapo tu ng'ambo". Unatoka kwa mfano kupitia Kilimanjaro au Mwanza, unaingia Wilson au Kisumu. Vibali viombwe mapema, fomu ya tamko la jumla nakala kadhaa, vyeti vya homa ya manjano, mpango wa safari umewasilishwa. Dakika 40 hewani zinaweza kula saa tatu mezani. Panga hivyo.

#12 FundiMagneto

Niongee na wamiliki wa pwani, kwa sababu ndege ya Dar au Unguja inakufa kwa njia ambayo ya Dodoma haifi.

Adui ni chumvi na kukaa. Kwenye injini ya Lycoming kemshafti (mhimili wenye nundu unaofungua vali) iko juu ya krankishafti, haikai ndani ya oili. Ukizima, oili inachuruzika yote chini na kemshafti inabaki na utando mwembamba. Hewa ya pwani yenye unyevu inaingia, wiki tatu nne kutu inaota kwenye nundu za kemshafti na kwenye tapeti. Siku unawasha, kutu inakuwa msasa. Baada ya saa mia mbili unaona unga wa chuma kwenye chujio na bili ya kufumua injini ambayo bado ina saa 1,200.

Dawa: ruka angalau mara moja kila mwezi, saa nzima mfululizo, oili ikae nyuzi 74 hadi 93. Kuwasha chini dakika kumi "ipate joto" ni kuharibu. Unazalisha mvuke wa maji ndani ya injini na hujaupa joto la kuutoa. Na kuzungusha propela kwa mkono nako hakusaidii, kunafuta ule utando uliobaki, tena magneto (kifaa kinachotoa cheche za plagi) ambayo waya wake wa ethi umekatika inaweza kukuwashia injini ukiwa umeikumbatia.

Ndege ikitakiwa kukaa zaidi ya mwezi, fuata utaratibu wa kuhifadhi: oili maalumu, plagi za kunyonya unyevu, matundu yote yazibwe na kuwekwa riboni nyekundu zionekane.

Ratiba ya kawaida: oili na chujio kila saa 50 au miezi 4, kata chujio ulikague, usilitupe likiwa zima. Magneto kufunguliwa kila saa 500. Propela ya kubadilika ina muda wake wa saa na wa miaka, mara nyingi miaka 5 au 6, na pwani miaka ndiyo inawahi. Osha ndege kwa maji yasiyo na chumvi, chini ya tumbo hasa. Ndani ya mabawa na mkia pigwe dawa ya kuzuia kutu.

Kiwanja cha kokoto: usipandishe nguvu ndege ikiwa imesimama. Acha ianze kutembea ndipo usukume, vinginevyo propela inanyonya mawe. Kovu dogo kwenye ubapa wa propela linasawazishwa na fundi kwa tupa kabla ya mruko unaofuata. Lisipoguswa ndiko ufa unakoanzia.

#13 mtu_wa_Njombe

Fundi, nikitaka kununua iliyotumika niangalie nini kwanza?

#14 FundiMagneto

Vitabu kabla ya rangi. Kitabu cha bodi, cha injini na cha propela, kuanzia siku ya kwanza, bila ukurasa kupotea. Kikipotea kimoja, ondoka au bei ishuke sana.

Angalia saa kwa mwaka. Injini ya miaka 15 yenye saa 300 tangu ifumuliwe ni mbaya kuliko ya miaka 5 yenye saa 1,100. Pima mgandamizo wa silinda zote, ingiza kamera ndogo uone vali. Vali ya moshi yenye rangi ya upande mmoja inaungua. Maagizo ya lazima ya usalama yote yawe yametekelezwa na kusainiwa.

Kwa 182, lala chini uangalie ukuta wa moto nyuma ya injini. Ndege hii ina pua nzito, hasa wakikaa wawili mbele na nyuma kukiwa tupu. Waliotua kwa gurudumu la pua huukunja ule ukuta. Ukiona mikunjo au rangi mpya mahali hapo tu, umeshajua. Kwa 206, angalia sakafu na bawaba za mlango wa mizigo. Kwa Cessna za zamani, uliza ukaguzi wa nyongeza wa kutu kwenye nguzo za mabawa umefanywa lini.

Fundi wa kukagua umlete wewe. Fundi wa muuzaji ana muuzaji wake.

#15 Chande_wa_Forodhani

Nimeacha habari ya nauli. Nijibuni mafuta: kwa nini nisitie petroli ya gari?

#16 FundiMagneto

Kwa sababu injini hizi za kupulizia mafuta hazijaidhinishwa kwa petroli ya gari, na kwa joto letu na urefu wetu petroli hiyo inageuka mvuke kwenye mabomba, injini inazima. Tumia avgas 100LL, rangi ya bluu.

Tatizo ni kuipata. Haiko kila kiwanja na huwa inakatika. Piga simu siku moja kabla, uulize ipo lita ngapi, si "ipo?" Jibu la "ipo" linaweza kuwa lita 60. Kwenye viwanja vya porini inakuja kwa pipa la lita 200. Pipa lilazwe, na kabla ya kulifungua lisimamishwe likiwa limeinama kidogo, lisubiri maji yatulie chini upande mmoja. Bomba la pampu lisiguse chini, acha sentimita tano. Unganisha waya wa kutoa umeme tuli kati ya pipa, pampu na ndege. Pitisha kwenye chujio linalozuia maji. Kisha chota sampuli kwenye kila tundu la kuchujia. 172S ina matundu 13, yote, si mawili ya karibu.

Na simama hapo wakati wanajaza. Mpakiaji aliyezoea ndege kubwa anaweza kukutilia Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti. Injini itawaka kwa avgas iliyobaki kwenye mabomba, utaruka, itazima ukiwa juu ya minazi. Jet A-1 haina ile bluu na inaacha mafuta kwenye vidole. Zikichanganyika, bluu inafifia tu, kwa hiyo tegemea pua na karatasi: tone la avgas kwenye karatasi nyeupe linakauka lote, la Jet A-1 linaacha doa.

#17 Mhasibu_Mkali

Ndiyo maana wengine wanahamia injini za dizeli za ndege, Diamond DA40 NG au 172 iliyobadilishwa. Zinatumia Jet A-1 inayopatikana kila kiwanja kikubwa, na zinakunywa kidogo. Lakini angalieni: injini hizo nyingi hazifumuliwi uani kwa fundi wako, zikifika muda zinabadilishwa nzima au moduli zake. Bili moja kubwa. Na kompyuta yake ikigoma Mtwara, mwenye mashine ya kuisoma yuko wapi?

#18 Bi_Rubani

Narudi kwenye safari yenyewe, kwa sababu Dar–Mafia–Kilwa–Mtwara ina mitego miwili.

Joto la kuwasha tena. Unatua Kilwa, unasimama dakika 25, unarudi injini imejaa mvuke kwenye mabomba ya mafuta. Anayepampu kama asubuhi anaizamisha na kuua betri. Egesha pua ikitazama upepo, fungua kidirisha cha oili joto litoke. Kuwasha: usipampu, mpini wa nguvu sogeza kidogo tu, mpini wa mchanganyiko umefungwa kabisa, piga starta. Ikishika, sukuma mchanganyiko taratibu. Starta sekunde 10, pumzisha 20. Mara tatu bila jibu, iache dakika 10.

Wa pili ni maji. Injini moja juu ya bahari ni hesabu ya kuelea hewani injini ikizima. 182 bila injini inasafiri takriban kilomita 2.7 kwa kila futi 1,000. Mkondo wa Zanzibar una kama kilomita 35 hadi 40. Ukivuka kwa futi 7,500 unafikia kilomita 20 upande wowote, kwa hiyo karibu wakati wote kuna nchi kavu unayoweza kuifikia kama upepo hauko kinyume. Kwa futi 2,500 ni kilomita 7 tu, na katikati yote ni ya samaki. Kutoka Dar kwenda Unguja moja kwa moja unakaa juu ya maji muda mrefu kuliko ukienda kando ya pwani hadi usawa wa Bagamoyo ndipo uvuke. Omba urefu kwa waongozaji, wakikunyima ujue unachokubali.

Maboya yavaliwe kabla ya kuruka, yasijazwe upepo ndani. Aliyeyaweka chini ya kiti hatayapata. Kifaa cha kutoa ishara ya dharura cha masafa ya megahezi 406 kiwe kimesajiliwa kwa jina na simu zinazopatikana.

#19 Mzee_wa_Wilson

Niongeze saa. Ndege ndogo huku kwetu ni chombo cha asubuhi. Saa sita hewa inaanza kuchemka, saa nane mawingu ya radi yamesimama. Masika na vuli usiyakaribie, yazunguke kwa kilomita 30 au zaidi, kamwe usipite chini yake. Ziwa Victoria ni kinyume: radi zake huanza usiku na kukesha hadi asubuhi, kwa hiyo Mwanza au Kisumu alfajiri si salama kwa sababu tu ni alfajiri. Nairobi Juni hadi Agosti kuna wingu zito la chini hadi saa nne asubuhi, panga mkutano wako ukijua hilo. Karibu na Meru na Kilimanjaro upepo ukiwa mkali, kaa mbali na upande wa nyuma wa mlima, hewa inateremka kuliko unavyoweza kupanda.

Sheria ya akiba mchana ni dakika 30. Weka saa nzima. Viwanja vingi havina taa, na jua letu likizama giza haliulizi, kwa hiyo gurudumu liguse ardhi saa kumi na moja na nusu jioni kwa kuchelewa sana.

Bosi asiulizwe "tunaweza kwenda?" Rubani aandike mipaka asubuhi kabla bosi hajafika: mwono kilomita ngapi, wingu futi ngapi, upepo wa kando kiasi gani, saa ya mwisho ya kuondoka. Na nauli ya basi au ya hoteli iwe mfukoni. Kampuni isiyo tayari kulipa usiku mmoja wa hoteli haina uwezo wa kumiliki ndege.

#20 mtu_wa_Njombe

Swali la mwisho, msinicheke. Nikilala porini, ndege naiacha vipi?

#21 Mzee_wa_Wilson

Swali zuri, hakuna wa kukucheka. Pua ielekee upepo wa usiku. Kamba tatu, mabawa na mkia, kwenye vigingi vya chuma, ziache zilegee kidogo. Kufuli la usukani liwekwe. Ziba bomba la pitot, nyigu anajenga humo kwa saa chache na mwendo utasoma sifuri ukiwa unakimbia. Matairi yazungushie matawi ya miiba, fisi wanapenda kutafuna mpira, na tairi la 206 halipatikani Seronera. Asubuhi pita kwenye njia ya kurukia kwa gari au kwa miguu, mwisho hadi mwisho, uangalie mashimo mapya ya ngiri na mavi mabichi ya nyumbu. Mavi yakiwa mabichi, wenyewe hawako mbali. Weka mtu na gari mwisho wa kiwanja hadi uwe umenyanyuka.